Jumamosi Arobaini

Kwa miaka 12 nilikuwa nikiuza mahamri na mbaazi za nazi hatua chache kutoka lango la kiwanda cha kusafisha mafuta, hapa Changamwe. Kiwanda kile kilianza kazi mwaka 1963. Sisi tuliokulia upande huu, stima ikipotea usiku, moto wa mnara wake ndio uliotuonyesha njia ya kwenda msalani. Nilikuwa naamka saa tisa za usiku, nakanda kilo sita za unga, na kabla ya saa moja na nusu asubuhi zote zimeliwa. Wateja wangu walikuwa mafundi wa mabomba, makarani, madereva wa magari ya mafuta, na vijana wa wakandarasi. Mume wangu naye alikuwa kibarua wa mkandarasi mmoja mle ndani. Kwa hiyo nyumba yetu yote, kuanzia kodi hadi sare za shule, ilitoka katika lango lile moja. Hilo sikuliona mpaka lilipofungwa.

Hisa nilizijulia mezani pangu. Mwaka 2008, serikali ilipouza hisa za Safaricom kwa shilingi 5 moja, Mombasa nzima ilipanga foleni benki. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, maana yake shilingi 10,000, nami nilikuwa nazo kwenye kopo la mafuta ya kupikia nyuma ya kabati. Waombaji walikuwa wengi mno, nikagawiwa sehemu ndogo na pesa nyingine zikanirudia baadaye. Lakini nilikuwa nimeshafunguliwa akaunti ya CDS, ile inayohifadhi hisa za mtu, na jina langu lilikuwa limechapishwa kwenye karatasi. Mimi niliyeacha shule darasa la saba nilikuwa na sehemu katika kampuni. Niliikunja karatasi ile nikaiweka pamoja na cheti cha ndoa.

Wateja wangu watano au sita walikuwa wameshika hisa kwa dhati. Mmoja, fundi wa vipimo, alikuwa na laptopu na modemu, akiiweka pembeni ya sufuria ya mbaazi nami nikimpangusia meza kwanza. Soko la Nairobi hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na wao walikuwa wakituma maagizo kwa dalali wao kupitia mtandao kabla ya kuingia zamu. Mazungumzo yalikuwa yale yale kila siku: benki gani itatoa gawio, kampuni gani inanyemelewa na wageni, nani kasikia nini kutoka kwa nani. Mimi nikigeuza mahamri, sikio liko kwao. Baada ya miaka mitatu nilikuwa naweza kusoma ile safu ya bei haraka kuliko baadhi yao.

Ijumaa soko likishafungwa, maneno yalibadilika. Walikuwa wakipanga Jumamosi.

Nataka niseme vizuri kuhusu Jumamosi zile, kwa sababu ndizo zilizonifikisha nilipofika, na pia kwa sababu nilizipenda. Mara moja kwa mwezi walikuwa wanachanga pesa, wanakodi matatu, nami napewa kazi ya kupika pilau na kachumbari. Mume wangu na watoto tulikuwa tunakwenda pamoja nao. Siku nyingine tunavuka feri kwenda ufuo wa Shelly, siku nyingine tunakwenda Pirates, siku nyingine Haller Park kule Bamburi, ambako machimbo ya kiwanda cha saruji yalipandwa miti mpaka yakawa msitu. Wanangu walimwona kule yule kiboko mdogo aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee. Mimi nilikuwa sijawahi kuwa na siku ya kukaa. Tangu nikiwa msichana, siku yangu ya kupumzika ilikuwa siku ya kuumwa. Sasa nilikuwa nakaa kwenye mkeka, miguu imo mchangani, nasikiliza watu wazima wenye kazi zao wakiniuliza, "Dada, wewe unaionaje?"

Katikati ya mwaka 2012 swali lilikuwa la KenolKobil, kampuni ya mafuta. Kampuni ile ilikuwa imetangaza hadharani kwamba iko katika mazungumzo na Puma Energy, ambayo ilitaka kununua sehemu kubwa ya hisa kutoka kwa wenye hisa wakuu. Hilo lilikuwa tangazo la kweli, limeandikwa magazetini. Tetesi zilikuwa ni zile zilizoota juu yake: kwamba bei imeshakubaliwa, kwamba itakuwa ya juu sana, kwamba zimebaki wiki tu. Fundi wa vipimo alinifafanulia kwa kuchora mchangani kwa kijiti. Sheria ya Kenya inasema anayefikia robo ya kampuni hawezi kununua kimya kimya na wakubwa tu. Lazima ajitokeze atoe bei kwa kila mwenye hisa, hata mwenye hisa mia moja. "Hata wewe, Dada," akaniambia. "Watakuja mpaka kwako."

Nilinunua Jumatatu, lakini uamuzi niliufanya Jumamosi ile, pwani, kwenye mkeka. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi. Habari ile ile ningeambiwa na mtu nisiyemjua, kwenye foleni ya benki, nimechoka na jua limenipiga, ningemuuliza maswali kumi. Niliambiwa na mtu aliyempakulia mwanangu pilau, upepo unavuma, watu wanacheka, wala hapakuwa na uongo machoni mwake. Yeye mwenyewe alikuwa amenunua, amekopa sako ya kazini kununua. Hapakuwa na aliyenidanganya. Kila mmoja pale alikuwa amesikia kwa mwenzake, na kwa vile tulikuwa sita, tuliona kama tumesikia kutoka pande sita. Chemchemi ilikuwa moja.

Nilikuwa na shilingi 90,000 nilizoziweka kwa ajili ya kiwanja kidogo. Nikaona hazitoshi. Nikaenda kwenye chama chetu cha wanawake, tulikuwa 14, nikaomba mkopo wa 50,000, nikasema ni wa kupanua biashara. Neno hilo ndilo lililonichoma baadaye kuliko hasara yenyewe. Nikanunua hisa 10,000 kwa bei isiyofika shilingi 14 moja, na ada ya dalali juu yake. Mume wangu nilimwambia wiki mbili baadaye. Alinyamaza, akaendelea kufunga kamba za viatu. Nilidhani ameridhika.

Wiki zikawa miezi. Kila asubuhi nilikuwa nachungulia laptopu kabla ya kuwasha jiko, leo imepanda senti 20, kesho imeshuka 30. Nilianza kuunguza mahamri. Kampuni nayo ilikuwa imetoa onyo kwamba faida itapungua, jambo ambalo sheria inaitaka ilitangaze, nalo likatangazwa. Mezani pangu tulilisoma onyo lile kisha tukalieleza tulivyotaka: tukasema wanashusha bei makusudi ili mnunuzi apate nafuu. Nilikubali. Mtu aliyekwisha kulipa husikia anachotaka.

Machi 2013, uchaguzi ukiwa umetukalia vichwani, ikatangazwa kwamba mazungumzo na Puma yamekwisha bila makubaliano. Hesabu za kampuni za mwaka 2012 nazo zilionyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 6. Siku ile hapakuwa na aliyefungua laptopu. Walikunywa chai, wakalipa, wakaingia kazini. Nakumbuka mmoja aliacha hamri amelimega mara moja tu, nami nikalitazama pale kwenye sahani mpaka chai ya wote ikapoa.

Hata hapo tungeweza kuvumilia. Hisa ikishuka, mtu akiwa na chakula, anaweza kuiacha ilale. Lakini Septemba mwaka huo huo kiwanda cha kusafisha mafuta kilisimamisha kazi. Mitambo ilikuwa ya zamani, kampuni za mafuta zilikuwa zikilalamika miaka yote kwamba ni nafuu kuagiza petroli iliyokwisha kusafishwa, na hatimaye ikawa hivyo. Waajiriwa wa kudumu walibaki kwa muda, vibarua hawakubaki. Mkandarasi aliyemwajiri mume wangu aliwaambia vijana wake wasirudi Jumatatu. Nami nikakanda kilo sita, nikauza mbili. Kesho yake nikakanda tatu, nikauza moja. Mnara ukazimika. Usiku wa kwanza bila moto ule mtoto wangu mdogo aliniuliza kama kuna stima iliyokatika.

Oktoba nilimpigia dalali simu nikamwambia auze zote. Alipata wanunuzi wa hisa 9,000, zile 1,000 za mwisho zikabaki bila mteja siku ile, nami sikurudi tena kuziulizia. Mkononi zilifika shilingi 80,000 na kitu. Zikatoka siku ile ile zilizoingia: karo ya watoto wawili, kodi ya miezi minne, deni la unga kwa muuza jumla wa Magongo. Wa chama nikawapelekea 10,000. Nilimpa mweka hazina kwenye bahasha, nikageuka, nikaondoka bila kuketi. Wiki tatu zilizofuata sikuhudhuria mkutano.

Walikuja wenyewe. Ilikuwa jioni, nimekaa gizani kwa kubana stima, nikasikia hodi. Mwenyekiti wetu, bibi mmoja wa Kidigo ambaye kwa umri ni mamangu, aliingia na wenzake wawili, na mmoja amebeba unga kilo nne na lita moja ya mafuta. Nikaanza kulia kabla hawajakaa. Nikasema yote: kwamba sikupanua biashara yoyote, kwamba nilinunua hisa, kwamba niliwaambia uongo. Bibi akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, hatukuja kudai. Tumekuja kuhesabu. Lete daftari."

Daftari langu lilikuwa la mauzo, limelowa mafuta kurasa zote, ukilishika linateleza. Tuliwasha mshumaa. Akauliza nakanda kilo ngapi sasa, nauza ngapi, mkaa wa siku ni shilingi ngapi, nazi ngapi, chumba kodi gani. Kila nikisema neno la kujilaumu alikuwa ananikata: "Hilo si hesabu. Nazi ngapi?" Tulifika saa nne usiku. Ikatoka kwamba nikitoka langoni pale nikahamia barabara ya Port Reitz, yanakopanga foleni malori ya bandarini, nikauza usiku badala ya asubuhi, ninaweza kutoa 1,000 kila wiki na watoto wakala. Deni lililobaki ni 40,000. "Basi ni Jumamosi arobaini," akasema. Akachora mistari kwenye ukurasa mtupu, akaandika 1 hadi 40 kwa mkono wake unaotetemeka, akaniachia.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa Novemba 2013.

Sitaeleza zote. Usiku barabarani kulikuwa na vumbi la makasha, honi, na madereva wenye hasira waliokwisha kukaa siku mbili kwenye foleni. Niliongeza viazi karai na chai ya tangawizi, maana dereva anayetaka kukesha hataki mbaazi, zinamlaza. Mume wangu, aliyenyamaza tangu siku ile ya viatu, alianza kunibebea maji. Usiku mmoja, tukisubiri mafuta yachemke, akaniambia hakuwa na hasira na hisa. Alikuwa na hasira kwamba niliwauliza wale mezani kabla ya kumuuliza yeye. Nilikuwa nimeingoja kauli ile mwaka mzima bila kujua. Tuliongea mpaka alfajiri, tukiuza katikati ya maneno.

Jumamosi ya saba nilikuwa na 600 tu. Nilizipeleka nikitetemeka. Bibi akaandika "600" bila kuinua uso, akaniuliza habari za kifua cha mwanangu. Jumamosi ya kumi na tatu kulikuwa na hitima kubwa Mikindani, nikaagizwa mahamri 800, na nikalipa wiki mbili kwa mpigo. Walionitafutia kazi ile ni wale wale ninaodaiwa nao. Nilipofikiria kwamba niliwadanganya wanawake hawa ili niwaamini watu wa mkekani, ilibidi niketi kwenye jiwe.

Na watu wa mkekani sitawasema vibaya. Fundi wa vipimo alipata kazi Ghuba mwaka 2014. Kabla ya kuondoka alinitafuta barabarani usiku, akasimama mbele ya karai kama mtu aliyekuja msibani. Alikuwa amepoteza mara nne ya nilichopoteza mimi na sako ilikuwa bado inamkata. "Dada, nisamehe," akasema. Nikamfungia viazi vya safari kwenye gazeti. Nilimwambia kwamba yeye alinifundisha kusoma bei, sheria na matangazo, na kwamba kusoma kule sitakurudisha. Alikula kiazi kimoja pale pale, amesimama, macho yamelowa.

Ya arobaini iliangukia wiki ya Idd, Agosti 2014. Bibi alikata mstari wa mwisho kwa kalamu nyekundu. Kisha akafungua mfuko wake akatoa daftari jipya, lililofunikwa kwa nailoni ili mafuta yasiliharibu, akanipa. Ninalo mpaka leo, kurasa zake zilishajaa.

Oktoba 2018 simu yangu ililia usiku wa manane, ujumbe wa sauti kutoka Ghuba. "Dada, unazo bado?" Kampuni ya Kifaransa, Rubis, ilikuwa imenunua asilimia 24.99 ya KenolKobil, nywele moja tu chini ya ile robo aliyonichorea mchangani, na ilikuwa imejitokeza kutaka zote zilizobaki kwa shilingi 23 moja. Hisa ambazo nilikuwa nimeziuza kwa 9 na ushei. Siwezi kusema halikuniuma. Nilikaa kitandani nikizidisha 9,000 mara 23 mpaka adhana. Lakini pia nilikuwa na zile 1,000 zilizokosa mteja. Safari hii sikumuuliza mtu. Nilisubiri waraka wa ofa, nikausoma wote na mwanangu wa kwanza, aliyekuwa chuo wakati huo, siku tatu mfululizo, asubuhi. Mwaka 2019 kampuni ilitoka sokoni na mimi nikalipwa 23,000. Nilinunua jiko la gesi la mafiga mawili na mtungi wake. Zilizobaki tulikodi matatu, wanawake 13 wa chama na bibi yetu mbele kwa dereva, tukavuka feri kwenda Shelly. Alikuwa na miaka zaidi ya 80. Alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akasimama pale akishika bega langu muda mrefu, halafu akasema maji yana baridi lakini tusimtoe.

Siku hizi meza yangu iko Chaani, asubuhi tena. Wateja ni vijana wa mashine za bandarini, na hisa wananunua kwa simu. Julai 2024 ikawa zamu ya kampuni ya saruji ya Bamburi. Amsons ya Tanzania ilitoa ofa ya shilingi 65 kwa hisa ambayo sokoni ilikuwa kwenye 45 hivi, na mwezi uliofuata Savannah Clinker ikajitokeza na 70. Kelele mezani zilikuwa zile zile nilizozijua. Ijumaa moja jioni kijana mmoja wa kreni, mpole, ndio kwanza mkewe kajifungua, akanijia akiwa na mfuko wa kuogelea begani. Wanakwenda Pirates kesho yake, wote. "Shangazi," akasema, "wanasema itafika 100. Nina pesa za matibabu nilizorudishiwa. Ninunue?"

Nikamuuliza nani anasema. Akataja jina la mwenzake, na huyo kasikia kwa shemeji yake. Nikamuuliza kama amesoma waraka wenyewe. Hakujua kwamba kuna waraka. Nikamwambia: nenda kaogelee, cheza na wenzako, lakini ukirudi usinunue Jumapili usiku kichwani mwako. Njoo Jumatatu kabla ya saa tatu, nawe uje na huo waraka.

Alikuja saa kumi na mbili na nusu, macho mekundu kwa kukesha na mtoto, waraka uko kwenye simu. Herufi zilikuwa ndogo mno kwangu. Mafuta yalikuwa yameshapata moto na unga umeshaumuka, kwa hiyo nikamsogezea kigoda karibu na karai, nikamwambia asome kwa sauti, polepole, mimi nikigeuza.